Lubumbashi: Kubadilisha pyesi bila kupima si ufundi

Katika mji wa Lubumbashi, kila mwenye jipe ya zamani anaijua hadithi hii. Gari inatembea vizuri wiki nzima. Siku moja, bila kutoa dalili, injini inazimika katikati ya barabara. Dereva anangoja dakika 20, anageuza ufunguo, inawaka kama vile hakukuwa na kitu. Anaifikisha kwenye garaji, na pale haizimiki tena. Fundi anainua kapo, anatazama, anatikisa kichwa, kisha anataja pyesi ya kununua. Hapo ndipo unaanza wizi ambao hakuna anayeitwa mwizi.

Baba mmoja wa Katuba, mwenye kuuza unga wa mahindi, ameupitia. Jipe yake ni ya esanse, volani iko kuume. Ilitoka Japani, ikashuka bandari ya Dar es Salaam, ikavuka Zambia na kuingilia Kasumbalesa, sawa na gari nyingi za hapa. Ilipoanza kuzimika, garaji ya kwanza haikumuuliza neno. Jibu lilikuwa tayari: « Papa, ni pompe njo inasumbua. Tubadilishe tu, utaona. » Akatoa dola 90. Aliona kweli, kwani kisha siku 6 injini ilizimika tena. Garaji ya pili ikasema buji na bobini: dola 120. Ya tatu ikasema batri imechoka na tangi ni chafu: dola 85. Jumla dola 295, na ugonjwa ukabaki palepale.

Kisha ikaja safari ya Likasi. Ni kilometa kama 120, barabara ya lami, malori ya madini yanapita usiku na mchana. Baba huyo alikuwa anaenda kwenye kilio pamoja na mama na watoto 3. Wakati anapita lori moja, injini ikazimika. Volani ikawa nzito kama jiwe, pedali ya freni ikaanza kuwa ngumu. Lori lingine lilikuwa nyuma. Shofere wake alipiga honi, akakwepa, akapita karibu kabisa. Hakuna aliyeumia. Lakini mtu asiseme kwamba dola 295 zile zilipotea tu. Zilinunua uongo, na uongo huo ulitaka kuua watu 5.

Swali ni hili: fundi ambaye hajaiona gari ikizimika, hajapima kitu, hajauliza kitu, anajuaje kama ni pompe? Hajui. Anabahatisha kwa pesa ya mwingine. Akikosea, anayelipa ni mteja. Na pyesi ya zamani, ambayo mara nyingi ilikuwa nzima, inabaki garajini. Kesho itauzwa kwa mteja mwingine kama « okazyo safi ».

Watu wanasema ugonjwa unaokuja na kuondoka hauwezi kupimwa. Si kweli. Ni mgumu, lakini una njia yake, na njia hiyo inaanzia kwenye maswali, hata kabla ya kushika ufunguo. Injini inazimika namna gani? Ikikatika ghafula, kama mtu amezima taa, mashaka ya kwanza yanaenda upande wa umeme: rele, waya wa masi, kontakti ya ufunguo, au kapteri ya vilbreke. Ikikohoa kwanza, ikakosa nguvu kwenye mlima ndipo ikafa, mashaka yanaenda upande wa esanse: pompe, filitre iliyoziba, au maji ndani ya tangi. Ikizimika tu pale unapoachilia mguu na kusimama kwenye mzunguko wa barabara, tazama pale hewa inapoingilia: papiyo iliyojaa masizi, au mpira uliopasuka unaovuta hewa ya pembeni.

Kuna maswali mengine. Inazimika ikiwa baridi au ikiwa moto? Tangi ikiwa imejaa au ikiwa karibu tupu? Baada ya mvua? Baada ya kupita kwenye mashimo? Ulinunua wapi esanse mara ya mwisho, kwenye stesheni au kwenye bidoni kando ya barabara? Majibu haya hayaponyeshi gari, lakini yanaonyesha mlango wa kubisha. Garaji 3 zilipokea pesa ya baba wa Katuba. Hata moja haikumuuliza.

Kisha kunakuja kupima. Siku injini inapokataa kuwaka, mambo mawili yanatafutwa palepale: je, moto unafika kwenye buji? Je, esanse inafika, tena kwa presha inayotakiwa? Kama esanse iko na moto hauko, kwa nini ununue pompe? Gari nyingi za miaka hii zina pia tundu chini ya tablo ambapo mashine ndogo inachomekwa na kusoma makosa ambayo kompyuta ya gari imeyahifadhi. Kompyuta inaweza hata kukumbuka injini ilikuwa na joto gani na ilizunguka kwa kasi gani wakati kosa lilipoandikwa.

Lakini hapa lazima kusema ukweli kwa upande mwingine pia. Kumezuka sasa mafundi wa mashine. Wanachomeka, wanasoma namba, wanasema « nunua kapteri », wanapokea pesa. Huo ni ubahatishaji uleule, umevaa tu shati jipya. Chukua kosa P0335. Namba hiyo inasema kuna tatizo kwenye njia ya umeme ya kapteri ya vilbreke, kidude kinachoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na imefika wapi. Haisemi kwamba kapteri yenyewe imekufa. Inaweza kuwa waya, inaweza kuwa fishi iliyoingia maji au mafuta. Na kama mashine haikukuta kosa lolote, si ushuhuda kwamba gari ni nzima. Pompe inaweza kupoteza presha, na kompyuta isiandike kitu.

Jipe ya Katuba ilipona hivyo. Kijana mmoja mekanisie, ambaye hana hata bango mlangoni, alimkalisha mwenye gari karibu nusu saa akimuuliza. Alijibiwa kwamba inakatika ghafula, ikiwa moto, zaidi kwenye njia mbaya, na kwamba ikipoa inawaka. Kijana akasema: « Papa, usinunue kitu. Twende tutembee nayo hadi izimike. » Walitembea karibu saa moja na nusu, mashine ikiwa imechomekwa. Ilipozimika, alipiga stata: mshale wa mizunguko kwenye tablo haukusogea hata kidogo. Mashine ikaandika P0335. Hata hapo hakumtuma mteja dukani. Aliingia chini, akafuata waya wa kapteri kwa vidole, akakuta mahali umelalia chuma karibu na bomba la moshi. Ngozi ya waya imelika. Injini ikipata moto na kutikisika, waya unagusa chuma, habari inakatika, kompyuta inakata moto na esanse. Ikipoa, waya unaachana na chuma.

Aliunga waya, akauvalisha, akaufunga mbali na chuma kile, kisha wakarudia njia ileile ili kuhakikisha. Dola 20, pamoja na kazi. Gari haijazimika tena.

Mafundi watajitetea, na baadhi ya maneno yao ni ya haki. Wanasema hawana vyombo, walijifunza kazi kwa kushika taa nyuma ya mkubwa wao, na gari za leo zimejaa waya. Wanasema tena kwamba mteja wa Lubumbashi anakubali kulipa pyesi anayoishika mkononi, lakini hakubali kulipa kipimo. Ukimwambia dola 10 za kutafuta ugonjwa, anakasirika: « Unanilipisha kwa kuangalia? » Hapo wenye gari wajitazame kwenye kioo. Anayekataa dola 10 za kipimo ndiye atakayetoa 295 za kubahatisha. Kwa daktari, hakuna anayesifu mtu aliyeandika dawa bila kumgusa mgonjwa. Kwa nini kwenye gari tunamwita huyo fundi mwepesi?

Lakini kukosa vyombo si ruhusa ya kusema uongo. Taa ndogo ya kujaribia umeme na mita ya kupima volti si vitu vya matajiri. Kuuliza ni bure. Na neno « sijaona bado » halina bei, ila linataka moyo wa mwanaume.

Kuna jambo baya zaidi. Garaji zingine, zikishindwa, zinafunika taa ya injini kwenye tablo au kutoa balbu yake ili gari iuzwe. Huko si kushindwa kazi tena. Ni kumuuzia jirani hatari ukiwa unaijua. Na pale kontrole teknike inapokuwa karatasi ya kumwonyesha polisi wa rulaji, gari ya namna hiyo inapita, inabeba watoto wa shule, na siku ya ajali wote wanasema ni bahati mbaya.

Hakuna haja ya kungoja sheria mpya. Mwenye gari anaweza kuanza leo. Aandike kwenye karatasi kila siku gari inapozimika: saa, njia, moto au baridi, kiasi cha esanse. Akubali kulipa kipimo. Amuulize fundi: umepima nini, na umeona nini? Asipopata jibu, achukue ufunguo wake aondoke. Pyesi ikibadilishwa, adai ile ya zamani arudi nayo nyumbani. Na mpaka ugonjwa ujulikane, gari hiyo isipeleke watu kwenye barabara ya Likasi. Ikizimika ukiwa mwendoni, usitoe ufunguo, maana volani inaweza kujifunga. Shika volani kwa nguvu, washa taa za hatari, kanyaga freni mara moja bila kuachia-achia, na ujisogeze kando.

Kwa upande wao, mafundi waweke bei ya kipimo, waiandike ukutani, na waiheshimu kama kazi. Yule kijana alipata dola 20 tu kwa gari ile. Lakini mtaa mzima wa Katuba sasa unajua mlango wake, na zile garaji 3 zinashangaa kwa nini wateja wamepungua.