Nyumba Ikishabarikiwa, Kazi Ndiyo Inaanza

Ndugu zangu, wengi wetu huku Lindi tunajenga kwa fedha za korosho na ufuta, msimu baada ya msimu. Nyumba ikikamilika tunamwita padre aibariki, tunakula pilau, kisha tunaisahau mpaka ivuje. Hapo ndipo tunapokosea.

Tutazame Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, vilivyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, viliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 magofu hayo yakatangazwa kuwa hatarini, kwa sababu ya mvua, mawimbi na mimea. Yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya watu kufanya kazi ya kuyahifadhi.

Nyumba zetu zina maadui haohao, pamoja na mchwa na chumvi inayokula mabati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Anayetenga fedha za sherehe ya kuhamia atenge na za matengenezo, na kila mwaka akague paa kabla ya mvua. Kutunza tulichojaliwa nako ni kumshukuru Mungu. Baraka haizibi bati lililotoboka.