Rangi siyo alama, jamani

Najua nimepotea. Mitihani ya semesta ilinitoa jasho, halafu bumu nalo likachelewa, kwa hiyo hata bando la kuingilia humu limekuwa la kuungaunga. Leo nimepata upenyo, nimekaa zangu hapa vimbwetani chini ya mwarobaini, nataka niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu juzi.

Juzi tulikuwa na semina ya TEHAMA kwa walimu. Kila mtu anaonyesha ukurasa wa maswali aliotengeneza kwa JavaScript. Mwenzetu mmoja akabofya jibu, likageuka kijani, akabofya jingine, likawa jekundu. Makofi! Mimi na kiherehere changu nikauliza, umeshaujaribu kwenye kivinjari kingine? Akajibu, "Kwangu inafanya kazi." Watu wakacheka, semina ikaendelea.

Mimi sikucheka. Sentensi hiyo hiyo niliisema mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na aliyeilipia alikuwa mtoto wa watu.

Ngoja niwasimulie ndipo nitoe hoja yangu.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari, nafundisha Kiswahili Kidato cha Pili. Shule ina chumba cha kompyuta, kompyuta 12 za msaada, zinazowaka ni 9. Zote Windows XP, na kivinjari ni Internet Explorer 8. Intaneti hakuna. Nikasema hapa ndipo pa kuonyesha ujuzi. Nikakesha na laptopu yangu nikatengeneza zoezi la ngeli, maswali 20. "Ukuta" iko ngeli gani? Kuna vitufe vinne, ukibofya U-ZI kinakuwa kijani, ukibofya kingine kinakuwa chekundu. Mwisho ukurasa unajumlisha alama. Kwenye Chrome yangu ulikwenda kama maji.

Siku moja kabla ya kipindi nikaupeleka maabara kwa fleshi. Kwanza ule mstari wa njano wa onyo, unaomba ruhusa ya kuendesha skripti. Nikaruhusu. Nabofya, kimya. Nabofya tena, kimya. Chini kushoto kuna kipembetatu cha njano, yaani skripti imekwama. Kumbe nilitumia addEventListener, na Internet Explorer 8 haiijui kabisa. Yenyewe ilikuwa na ya kwake, attachEvent. Nikabadilisha, nikatumia onclick ya kawaida ambayo vivinjari vyote vinaielewa. Nikabofya, kijani! Nikabofya, nyekundu! Loh, nilivyofurahi! Nikazima mashine nikaenda zangu kula.

Angalieni kosa langu hapo. Niliona rangi nikaamini kazi imekwisha. Sikufika swali la 20.

Kesho yake watoto wakaingia kwa zamu, tisa tisa. Kulikuwa na binti mmoja wa kiti cha nyuma, yule ambaye ukimuuliza swali anaangalia chini. Siku hiyo alikuwa anabofya na kutabasamu, kijani, kijani, kijani. Wenzake wakaanza kumsogelea kuangalia. Akafika mwisho, akabofya kitufe cha matokeo. Ukurasa ukaandika: Umepata 0 kati ya 20.

"Madamu, mbona zangu karibu zote za kijani halafu imeniandikia sifuri?"

Darasa likaangua kicheko. Nikakimbilia kwenye mashine nyingine, sifuri. Nyingine, sifuri. Wote tisa sifuri. Lakini wengine walikuwa hawajamaliza, kwa hiyo aliyechekwa ni yeye peke yake. Nikajaribu kufungua upya ukurasa wake nione kuna nini, na majibu yake yote yakapotea. Hapakuwa na mahali popote palipohifadhi kwamba yule mtoto alijibu nini.

Jioni nikarudi maabara peke yangu kuutafuta ugonjwa, nikaukuta. Msimbo wangu, mwishoni, ulikuwa unapita kwenye kila kitufe na kukiuliza: style.backgroundColor yako ni nini? Kama jibu ni rgb(0, 128, 0), yaani kijani, basi ongeza alama 1. Mimi niliiweka rangi ile kwa kuandika #008000, na Chrome ukiiuliza inakujibu kwa mtindo wa rgb. Nikanakili jibu la Chrome kama lilivyo. Internet Explorer 8 yenyewe ukiiuliza inakurudishia kile kile ulichoandika, #008000. Kijani ni kile kile, jicho halioni tofauti, lakini kwa maandishi ni vitu viwili. Msimbo unalinganisha maandishi, hauna macho. Kwa hiyo kila jibu sahihi likahesabiwa si sahihi.

Sasa hoja yangu ni hii wadau. Tatizo halikuwa Internet Explorer. Tatizo ni kwamba niliifanya rangi kuwa daftari la alama. Rangi ni nguo ambayo ukurasa unavaa ili mtu aone. Huwezi kujua mwanafunzi amepata ngapi kwa kuangalia amevaa shati gani. Alama inatakiwa iandikwe mahali pake, kwenye kigezo cha JavaScript: swali la 1 amejibu U-ZI, ni sahihi, basi. Ukishaandika hivyo, ndipo unakipa kitufe className ya "sahihi" au "kosa", na CSS inakivalisha rangi inayotaka. Kesho ukiamua sahihi iwe ya bluu, unabadilisha mstari mmoja wa CSS, na alama za watoto hazitikisiki. Haijalishi kivinjari kinaitamkaje rangi, kwa sababu hakuna anayekiuliza.

Na ninapoona tunafundishana chuoni kubadilisha rangi kwa kubofya kama somo la kwanza, halafu tunaishia hapo hapo kwa makofi, naona tunatengeneza akina mimi wengine wengi.

Naomba nisieleweke vibaya. Kubadilisha rangi ni kitu kizuri, mtoto anafurahi kuona ukurasa unamjibu. Lakini siku ile ile, kabla hata ya sifuri, yalinikuta mengine mawili ambayo yanasema jambo lile lile.

La kwanza, kuna kijana alininyooshea mkono akauliza, "Madamu, hapa nimepata au nimekosa?" Nikamwambia si unaona rangi? Akasema anaona zote zinafanana. Nilidhani ananitania. Kumbe wapo watu ambao kijani na nyekundu kwao ni ngumu kutofautisha, na ni wavulana zaidi kuliko wasichana, kwa sababu jeni zinazohusika ziko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana anayo moja tu. Mimi ni mwalimu mtarajiwa, Biolojia hii nilisoma sekondari nikafaulu, na bado sikuikumbuka nilipokuwa nachagua rangi. Miongozo ya W3C ya kurasa zinazofikika na watu wote, toleo la Desemba 2008, ilishasema wazi kwamba rangi isiwe njia pekee ya kumpa mtu taarifa. Dawa yake ni rahisi mno: andika neno "Sahihi" au "Kosa" pembeni. Neno moja tu!

La pili, mashine mbili hazikuwa na kipanya. Watoto wa pale wamezoea, wanatumia kibodi, Tab inakupeleka, Enter inabofya. Kwenye ukurasa wangu Tab haikumpeleka mtu popote. Sababu ni kwamba vitufe vyangu havikuwa vitufe, vilikuwa div nilizozipaka rangi zikafanana na vitufe. Div haijui kubofywa kwa kibodi mpaka uifundishe mwenyewe. Ningetumia button halisi, kivinjari kingenifanyia bure, hata kile cha zamani. Hapo napo niliangalia sura nikasahau kazi.

Mnaona inavyofanana? Mashine ilisoma kijani tofauti na mashine nyingine. Mtoto mmoja aliona kijani tofauti na mwenzake. Na kitufe kilichopendeza kilikuwa kitufe kwa mwenye kipanya tu.

Najua kuna mtu ananisoma hapa anasema, dada, Internet Explorer imeshazikwa, Microsoft wenyewe waliistaafisha tarehe 15 Juni 2022, unatupigia kelele za nini? Hoja yako ina uzito, nakubali. Tena historia iko upande wako. Ule ugomvi wa kubofya ulianza zamani. JavaScript aliitengeneza Brendan Eich wa Netscape mwaka 1995, toleo la kwanza kwa siku 10 tu, na mwaka 1996 Microsoft wakatoka na ya kwao wakaiita JScript. Kila mmoja akawa na njia yake ya kupokea mbofyo. Novemba 2000 W3C wakatoa kanuni ya pamoja yenye addEventListener, lakini Internet Explorer ikaja kuikubali kwenye toleo la 9, mwaka 2011. Miaka kumi na zaidi! Ndiyo maana jQuery ya John Resig ilipotoka mwaka 2006 watu waliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu iliwaficha na ugomvi ule. Leo Chrome, Firefox na Safari zinaelewana sana kwenye mambo haya ya msingi. Sikatai.

Lakini mimi nina majibu mawili. Kwanza, kivinjari kilichostaafishwa Marekani kilikuwa bado kinafanya kazi kwenye chumba kile nilichofundishia. Mwalimu hachagui mashine, anazikuta. Pili, na hili ndilo kubwa, hata kama ile maabara ingeletewa kompyuta mpya zote, kosa langu lingebaki. Yule kijana asingeona rangi vizuri zaidi. Div isingegeuka kitufe. Na kuna simu: ukiweka rangi inayobadilika mtu akipitisha kipanya juu yake, kwenye simu kidole hakipiti, kinagusa tu, kwa hiyo maelekezo yako yanapotea. Ukifungua kwa Opera Mini, kwenye hali yake ya kubana data kabisa, ukurasa unatayarishwa kwanza kwenye seva ndipo unakufikia, na JavaScript yako haiko huru kama ulivyozoea. Wanafunzi wetu wengi intaneti wanaijua kwa simu ya mzazi na bando la kuhesabu. Chrome ya kwenye laptopu yako siyo dunia.

Wapo pia watakaosema muda haupo, semina ni ya saa mbili, tujifunze kwanza kinachopendeza, mengine baadaye. Nami nawauliza, baadaye ni lini? Baada ya semina tunakwenda TP, baada ya TP tunaajiriwa. Kutumia button badala ya div hakuongezi hata dakika. Kuandika neno pembeni ya rangi, dakika moja. Kuhifadhi jibu kwenye kigezo badala ya kuiuliza rangi, mistari michache. Na kujaribu ukurasa kwenye mashine ya mwanafunzi mpaka swali la mwisho, hiyo ni robo saa. Mimi robo saa ile niliipeleka kantini.

Pendekezo langu kwa wenzangu wa Elimu: tukionyeshana kazi, tusipige makofi mpaka aliyeitengeneza ameifungua kwenye vivinjari viwili na simu moja, ameweka kipanya pembeni akatumia kibodi, na ameiangalia ikiwa nyeusi na nyeupe. Ikipita hapo, tumpigie makofi mpaka mikono iume.

Sasa yule binti. Wiki iliyofuata niliwarudishia zoezi lile kwenye karatasi, maswali yale yale. Alipata 16. Nikamsifu mbele ya darasa, nikawaambia wote kwamba sifuri ile ilikuwa yangu mimi, siyo yake. Darasa likanyamaza. Lakini nilipotengeneza ukurasa upya, ukiwa salama kabisa, nikawaita tena maabara, yeye alisema afadhali aandike kwenye daftari. Sikumlazimisha. Mpaka naondoka shuleni pale hakugusa tena kompyuta.

Ukurasa niliurekebisha kwa jioni moja. Kwa yule mtoto sikuwa na jioni ya kutosha.

Haya wadau, jua limehama, mwarobaini hauna kivuli tena, na foleni ya wali maharage imeshaanza. Mwenye hoja tofauti aje tubishane, mimi nipo. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.