Mnyonge Aunganishwe Kwanza

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika nchini mwetu. Mawasiliano hurejeshwa hatua kwa hatua, kwa kuwa njia zilizosalia hazitoshi wote kwa mara moja. Hapo ndipo haki hupimwa: nani atangulie? Tunakataa mwenye fedha kutangulizwa daima. Agosti 2025 watu 25 walifukiwa mgodini Nyandolwa, Shinyanga. Katika ajali ya namna hiyo kila saa ni uhai, na taarifa isiyofika ni kaburi. Basi zahanati, waokoaji na machimbo ya wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga watangulie, biashara ifuate. Utaratibu huo uandikwe na kutangazwa kabla ya janga. Kunyamaza ni kushiriki dhuluma.