MKUTANO WA SHORALI: TUENDE KUIMBA, TUSIENDE KUCHOKA



Kila mara tangazo la mkutano wa shorali linaposomwa, darasa zote zinachangamka. Wengine wanatafuta sare, wengine wanaomba wazazi franka za njia, wengine wanaanza kubishana ni wimbo gani utatangulia. Mambo ni mazuri. Lakini siku ya kwanza ya juma linalofuata tunaona nini? Sauti zimekatika. Macho ni mekundu. Huyu analala juu ya daftari ya hesabu, yule amebaki nyumbani na homa. Ukimuuliza mmoja, "Mkutano ulikuwa namna gani?", anajibu, "Ulikuwa muzuri, ila nilichoka." Ukimuuliza tena ni shorali gani ilimgusa moyo, hakumbuki vizuri.

Sisi tunasema wazi: huko si kufurahia mkutano. Kuanzia siku ya tano jioni mpaka siku ya Mungu mchana ni muda mfupi sana, na mtu asiyejipanga unampita kama mvua ya jua. Njo maana tunaandika mashauri haya, kwa wanafunzi kwanza, lakini kwa wakubwa pia, kwa sababu kuna mambo ambayo mwanafunzi hawezi kuyapanga peke yake.

Watu wa mbali wamejifunza jambo hili mbele yetu. Mwezi wa saba wa mwaka 1939, watu karibu 200 wanaopenda hadithi za safari za kwenye nyota na mashine za wakati ujao walikutana New York, Marekani, kwa siku 3. Hakuna aliyewalipa. Walikutana tu kwa ajili ya kitu wanachopenda. Mkutano ule ulisimama miaka ya vita, 1942 mpaka 1945, kisha ukaendelea, na mingine mingi ya namna hiyo ikazaliwa. Hata hapa jimboni kwetu, Februari 2014, Goma ilianza Festival Amani, siku 3 za muziki na dansi. Wazoefu wa mikutano ya kule ng'ambo wako na sheria moja fupi wanayomfundisha kila mgeni: 6-2-1. Maana yake, kila siku ya mkutano lala saa 6, kula mara 2, oga mara 1. Wengine wanasema 5-2-1. Sheria ni ndogo hata inachekesha, lakini waliona watu wazima wakianguka kwa sababu ya kuisahau. Na sisi tuichukue, tuipime kwa mambo ya kwetu.

1. KULALA. Kuna wanaosema usiku wa mkutano si wa kulala. Tunawauliza: mmekuja kuimba au kukesha? Sauti inatoka katika mikunjo miwili midogo iliyo ndani ya koo. Soprano anapoimba la, ile inayotumiwa kupangia vyombo, mikunjo yake inagongana mara 440 katika sekunde moja tu. Hesabu wewe mwenyewe wimbo wa dakika 4. Nyama ndogo namna hiyo ikifanya kazi kubwa hivyo mchana, halafu usiku ukaipigisha kelele na vicheko mpaka jogoo, kesho itakukatalia mbele ya watu. Kwa kijana wa umri wetu madaktari wanashauri saa 8 mpaka 10 za usingizi. Saa 6 basi ni mpaka wa chini, usishuke hapo. Viongozi waamue kabisa: saa 4 za usiku taa zizimwe, mazoezi yaishe.

Tena, kunong'ona si kuipumzisha sauti. Mtu ambaye sauti imeanza kukwaruza anyamaze tu, aandike kama ana neno. Na maji ya kunywa yaanze tangu siku ya tano, kidogo kidogo. Yale ya kumeza haraka mbele ya kupanda jukwaani yamechelewa. Kumbukeni nabii Elia alipochoka chini ya mti: hakupewa kwanza hotuba. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale tena. Tunaomba waalimu wa shorali wakumbuke habari hiyo wanapotaka kurudilia wimbo mara ya kumi na tano usiku wa manane.

2. KULA. Mara 2 kwa siku, chakula cha kushiba: bugali na maharagi, ndizi na sombe, kile kilichopo. Beignet moja na maji ya sukari haitoshi kumsimamisha mtu toka asubuhi mpaka jioni. Usile mpaka kujaa kabisa mbele tu ya kuimba, tumbo likijaa pumzi inakuwa fupi.

Lakini hapa tuko na neno zito zaidi. Nani anapika? Katika mikutano mingi dada zetu wanaamka saa 10 za usiku kuwasha moto, wanatwanga sombe, wanabeba bidoni za maji, wanaosha masahani, wakati vijana wanatembea na gitaa wakijuana na watu. Siku ya Mungu dada huyo anarudi nyumbani na moshi machoni, na shorali za wengine alizisikia kwa mbali, toka jikoni. Naye alitoa franka zake sawa na kaka yake. Huo ni ukosefu wa haki, na hatuoni sababu ya kuuita desturi. Methali inasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mkutano wa siku mbili, jembe ligawanywe tangu siku ya kwanza. Kila shorali ifanye liste ya zamu mbele ya kuondoka: wavulana wawili na wasichana wawili kwa kila chakula, na anayepika asubuhi asipike jioni. Kijana anayeweza kubeba ngoma toka Mangina anaweza pia kubeba bidoni ya maji.

3. KUOGA NA KUNAWA. Kwetu Mabalako neno hili hatulijifunzi kwa vitabu. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa hapa tarehe 1 Agosti 2018, na ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua na 2.287 walikufa katika mlipuko ule. Mwaka 2021 ulirudi tena mara mbili katika eneo la Butembo na Beni. Miaka ile tulisahau hata kushikana mikono. Leo ndoo ya kunawia yenye robine imeanza kuonekana kama pambo la mlangoni, bila maji ndani. Pale mnapofika, wa kwanza kushuka ajaze ndoo hiyo, atafute sabuni.

Kila mtu aende na blanketi yake, esui-mikono yake, kikombe chake na sahani yake. Mpox inapita kwa kugusana ngozi, na kwa nguo na blanketi za mgonjwa. Kulala watano chini ya blanketi moja si upendo. Mosikitero pia msiiache nyumbani, hata kama kuitundika katika chumba cha darasa kunasumbua: misumari miwili na kamba vinatosha. Na mwenye homa aseme mbele ya safari, abaki. Kumwacha nyumbani ni kumhurumia yeye pamoja na wale 40 ambao angelala nao.

4. KUCHAGUA. Programu ya mkutano ni ndefu, na anayetaka kufuata yote hafuati kitu. Soma programu siku ya tano jioni, chagua shorali 3 ambazo utazisikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, umeketi, mdomo umefungwa. Nyingine zikikupita, zikupite. Chukua daftari ndogo na kalamu. Andika jina la wimbo, nani aliutunga kama wanajua, na kitu kimoja ulichopenda: namna besi walivyoingia, namna kiongozi alivyowanyamazisha kwa kidole tu. Nyuma ya kuimba wafuate, wasalimie, uwaombe solfa yao uiandike. Watu wa shorali hawakatalii mtu anayewapenda.

Wenye telefone, tuwaambie polepole: mkono ulioinuliwa dakika 30 unamziba mtu wa nyuma, na wimbo ulioangalia kupitia kioo kidogo hukuusikia vizuri. Shika kipande kimoja, uombe ruhusa kwanza, kisha weka telefone mfukoni. Moto wa betri utauhitaji kuwaambia wazazi kwamba mmefika.

Tena, usikae siku zote mbili pamoja na watu wa darasa lako. Hao utawaona siku ya kwanza ya juma. Jipe kazi moja: kurudi na rafiki mmoja mpya ambaye unajua jina lake, masomo yake na sauti anayoimba. Pale watu wanaposhindania nafasi ya kwanza, wengine wanarudi na kinyongo juu ya jury. Kikombe kimoja hakiwezi kugawanywa kwa shorali 12, lakini wimbo mpya unaweza kwenda na shorali zote 12.

5. NJIA. Toka Mangina mpaka Beni ni karibu kilometa 30, na toka Beni mpaka Butembo karibu 54. Kilometa ni chache, lakini sisi sote tunajua kwamba njia za kwetu hazipimwi kwa kilometa. Mwezi wa sita wa mwaka 2024 tu, watu wengi waliuawa katika vijiji vya teritware ya Beni. Kuna watoto ambao wanasoma pamoja nasi na ambao walifika hapa kwa kukimbia. Kwa hiyo neno hili si la kuchezea.

Kila kundi liwe na liste ya majina katika nakala mbili: moja kwa kiongozi, moja ibaki kwa prefe. Watu wahesabiwe kupanda na wahesabiwe kushuka. Watatu juu ya moto moja pamoja na ngoma, hapana. Siku ya Mungu ibada ikiisha, mtu anakula, anafunga mzigo, anaondoka jua likiwa bado juu. Zile nyimbo za kuagana zinazofika saa 11 za jioni ni tamu, lakini ziimbwe saa 6 za mchana. Na kama habari za njia si nzuri, viongozi wasione haya kuahirisha, hata kama sare zimekwisha kushonwa. Mkutano unaweza kufanywa juma lingine; mtoto wa mtu akipotea, nani atamrudisha?

Sasa neno kwa waalimu wetu. Tunaomba, kwa heshima, kwamba interro zisiwekwe asubuhi ya siku ya kwanza nyuma ya mkutano. Si kwamba tunaomba uvivu. Sisi kwa upande wetu tumalize kazi zote za nyumbani mbele ya siku ya tano, na asubuhi ile kengele ikilia tuwe ndani ya darasa, tumeoga na tunaamka vizuri. Mapatano ni ya pande mbili. Mwanafunzi atakayelala darasani siku hiyo atawaharibia wenzake wote.

Kwa nini tunasumbuka hivi juu ya siku mbili za kuimba? Kwa sababu tunajua mikutano hii ilivyo rahisi kukoma. Mzazi aliyemwona mtoto wake akirudi na homa, au usiku, au dada aliyechoka kama mfanyakazi asiyelipwa, mara nyingine atasema hapana, na atakuwa na haki. Wa kwanza kukatazwa watakuwa wasichana. Lakini mzazi akiona mtoto anarudi mzima, mapema, anafundisha wadogo zake wimbo mpya pale jikoni, atatafuta yeye mwenyewe franka za safari inayofuata.

Basi ndugu, tuandike 6-2-1 ukutani, tufanye liste ya jikoni mbele ya liste ya nyimbo, na tuende.

Sisi wa kamati ya gazeti.