MAMBO YA NYUMBANI: Kompyuta Isiyowaka



Wapenzi wasomaji, mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi, hata huku kwetu katika visiwa vya delta ya Rufiji. Ni ile kompyuta ya kukunjwa, ambayo vitabu huiita kompyuta mpakato na vijana wetu huiita laptopu. Nyingi tulizo nazo si mpya. Zimekwisha kutumiwa na watu wengine, kisha zikanunuliwa Dar es Salaam kwa bei tuiwezayo. Kwa hiyo hutokea siku moja mwenyewe akabonyeza kitufe, nayo isiwake. Nitaeleza yafaayo kufanywa siku hiyo. Lakini kwanza yanipasa niwasimulie jambo lililotokea kijijini kwetu, maana mimi mwenyewe nimo ndani yake, wala si kwa sifa.

Kuna mama mmoja mjane katika jumuiya yetu, mwenye binti asomaye chuo cha ualimu. Miaka miwili mama huyo aliweka fedha za korosho na za mikeka, hata akaweza kumnunulia binti yake laptopu iliyotumika. Mwaka huu binti alirudi kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi, na taarifa yake yote ya majuma manane aliiandika ndani ya mashine hiyo. Hakuwa na nakala nyingine, na chuo kilikuwa kimetaja siku ya mwisho ya kuipokea. Siku sita kabla ya siku hiyo, laptopu haikuwaka. Hapakuwa na taa wala sauti.

Sasa jueni kwamba siku mbili nyuma baba yake mdogo, ndugu wa marehemu, aliiazima ili atazame picha za arusi ya mwanawe. Na kati ya mzee huyo na mjane liko neno la zamani juu ya mikorosho aliyoiacha marehemu. Basi kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikwisha kupata jibu. Wengine walisema ameiangusha akaficha. Wengine walisema neno baya zaidi, ya kwamba ameifunga kwa husuda, wakamshauri mama aende kwa mganga.

Mama alinijia usiku analia. Nalimkataza habari ya mganga, nikamkumbusha ahadi za ubatizo wake. Hayo nalisema vema. Lakini aliponiuliza, “Mwalimu, wadhani shemeji yangu hana neno?” nalinyamaza. Na kunyamaza kwangu kulikuwa ni jibu, maana moyoni nami nalikuwa nimekwisha kumhukumu.

Kisha nikaitwaa ile mashine. Nikachomeka chaja katika umeme wa sola ya kanisa, na taa ya chaja ikawaka kijani. Nikabonyeza kitufe, kimya. Nikamwambia binti, “Mwanangu, umeme unafika. Mashine ndiyo iliyokufa.” Yule binti hakulia, aliketi tu akiitazama, na hilo lilinichoma zaidi kuliko machozi ya mama yake.

Asubuhi tuliazimu kwenda kwa fundi Kibiti. Mashua yenye injini iliyokuwa tayari ilikuwa moja tu, nayo ni ya yule baba mdogo. Nalimwendea kwa aibu. Akaniambia, “Mwalimu, nimeyasikia yanayosemwa. Pandeni. Mtoto huyu ni wa ndugu yangu.” Akatuvusha hadi Nyamisati, wala hakupokea hata fedha ya petroli. Kutoka hapo tulipanda bodaboda mpaka Bungu, kisha gari mpaka Kibiti.

Fundi yule ni kijana wa Kiislamu, ana kibanda kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Nalidhani atashika bisibisi mara moja. Hakushika. Kwanza aliuliza: Iliwaka lini mara ya mwisho? Siku hiyo ilikuwa katika chaja, au kwa betri yake? Imeanguka, au imeingiwa na maji? Chaja hii ni yake? Binti akajibu yote, na kwa swali la mwisho akasema, “Ni yake.”

Fundi akaigeuza laptopu akasoma maandishi madogo ya chini: volti 19, ampea 3.42. Akaigeuza chaja akasoma: volti 12, ampea 2. Akatwaa mita yake akapima, akasema, “Mwalimu, chaja hii ni nzima kabisa, ila ni ya kitu kingine. Kichwa chake kimeingia katika tundu, lakini nguvu yake haitoshi. Hii taa ya kijani yasema kwamba chaja imepata umeme. Haisemi kwamba laptopu imepata.”

Naliitazama chaja hiyo vizuri, nikaijua. Ni ya kipaza sauti cha kanisa letu. Jioni moja kabla ya mkasa, binti alikuja kanisani kuchaji, nami nalipokusanya nyaya gizani nikampa isiyo yake. Zote mbili ni nyeusi, zote zina waya mrefu. Betri ya laptopu, kwa uzee wake, haidumu hata nusu saa. Ilipokwisha nguvu, hapakuwa na cha kuirudishia. Aliyeifunga mashine ya yatima alikuwa ni mimi, mwalimu wa dini, na ile chaja ya haki ilikuwa imelala katika sanduku langu.

Fundi akaleta chaja yake ya volti 19. Taa ya pembeni ikawaka, na baada ya dakika chache mashine ikafunguka. Taarifa ilikuwamo, haikupungua hata neno. Hapo ndipo binti alipolia. Fundi akamnakilia taarifa katika flashi, na nalipouliza ujira wake akacheka, “Nimesoma namba tu, Mwalimu.”

Tulipokuwa tukingoja betri ijae, nalimwomba anifundishe utaratibu wake, nami nawaandikia ninyi. Msingi wake ni mmoja: anza nje, nenda ndani; anza na kilicho rahisi, umalizie na kilicho kigumu; wala usiseme “imekufa” mpaka umepita hatua zote.

Kwanza, tazama umeme unakotoka. Chomeka taa au simu katika soketi ile ile. Katika nyumba za sola kumbukeni jambo moja: simu hutaka umeme mdogo, wati chache tu, lakini laptopu nyingi hutaka wati 45 mpaka 65. Betri ya sola iliyoshuka yaweza kuchaji simu ikashindwa na laptopu. Kwa hiyo jaribu tena wakati jua li juu.

Pili, itazame chaja. Soma namba za umeme utokao, uzilinganishe na zile zilizo chini ya laptopu. Volti lazima zilingane. Ampea za chaja zaweza kulingana au kuzidi, zisipungue. Volti zikipungua, mashine haiwaki. Zikizidi, yaweza kuungua. Kisha pitisha vidole katika waya wote wakati haujachomekwa, khasa karibu na vichwa vyake, maana hapo ndipo ukatikapo, tena ndipo panya wapendapo kuguguna.

Tatu, itazame betri. Kama ni ya aina itokayo kwa vidole, itoe, ukajaribu kuwasha kwa chaja peke yake. Ikiwaka, mgonjwa ni betri. Lakini betri iliyovimba msiichezee. Msiibonyeze, msiitoboe, wala msiitupe motoni, kwa maana hulipuka moto mkali. Acheni kuitumia, mpelekeeni fundi.

Nne, ondoa umeme uliosalia ndani. Chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Achia, chomeka chaja, ujaribu tena. Hatua hii haina gharama yo yote, na laptopu nyingi zilizosemwa kuwa zimekufa zimeamka kwa hiyo.

Tano, sikiliza na kutazama. Kama feni yazunguka na taa zawaka, ila kioo ni cheusi, basi umeme umo, na ugonjwa uko kwingine. Mulika kioo kwa tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu, ni taa ya kioo iliyokufa. Au iunganishe na televisheni, utazame kama picha itatokea huko. Ikilia mlio mfupi mfupi, hesabu milio hiyo ukamwambie fundi, maana ndiyo lugha yake ya kutaja kiungo kinachouma.

Sita, yaliyo ndani mwachieni fundi. Kuna kibao kidogo cha kumbukumbu, mafundi hukiita ramu, ambacho hulegea kwa mitikisiko ya bodaboda na mashua. Yeye hukitoa, hukisafisha na kukirudisha, na mara nyingi hilo hutosha. Tena hewa yetu ya chumvi hula vyuma taratibu, basi ihifadhini mashine katika mfuko mkavu. Na ikilowa, kama vyombo vingi vilivyolowa kwa mafuriko ya Aprili mwaka 2024 hapa Rufiji na Kibiti, msiiwashe kujaribu. Chomoeni, toeni betri, mpelekeeni fundi aifungue na kuisafisha. Watu huizika katika mchele. Mchele wetu wa Rufiji ni wa kuliwa, hauondoi chumvi wala matope.

Saba, hata kama mashine imekufa kweli, diski inayohifadhi maandishi yaweza kuwa hai. Fundi aweza kuitoa na kuisoma kwa mashine nyingine. Basi mtu asiiuze kama chuma chakavu kabla hajauliza. Na kila kazi yenye maana iwe na nakala ya pili mahali pengine.

Wazee wetu wa delta wanaijua habari ya manowari ya Wadachi, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, huko Unguja, kisha injini yake ikaharibika, ikarudi kujificha katika mto wetu, karibu na Salale. Wale mabaharia hawakuiacha meli nzima kwa ajili ya chuma kimoja. Walikitafuta kilichovunjika, wakakitoa, kikasafirishwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, kikarudishwa. Meli ile iliangamia baadaye, tarehe 11 Julai 1915, kwa mizinga ya adui, si kwa injini. Ikiwa watu wa vita, tena mafichoni, waliweza kutafuta kilichoharibika kwa utulivu, sisi tulio nyumbani kwetu tuna udhuru gani?

Lakini ndugu zangu, nimeandika haya kwa sababu nyingine pia. Fundi yule aliuliza maswali manne kabla ya kusema neno. Mimi, niliyefundishwa dini tangu utoto, nalimhukumu mtu bila kuuliza hata moja. Laini nne za waya na kibandiko cha namba zilinishinda, kwa kuwa sikutaka kutazama karibu. Macho yangu yalikuwa mbali, kwa mtu nisiyempenda sana. Amri ya nane haituonyi juu ya ulimi peke yake. Yule anyamazaye huku jina la mwenzake likiharibiwa, naye ameshuhudia. Tena naona kwamba mimi na yule aliyetaka kwenda kwa mganga hatukuwa mbali sana. Sote wawili tulitafuta mtu wa kulaumiwa kabla ya kutafuta ubovu ulipo.

Jioni ile tuliporudi, nalikwenda nyumbani kwa yule mzee pamoja na mjane na binti, nikasema mbele yao wote kosa lilikuwa la nani. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mwalimu, waliolisema jambo hili walilisema hadharani.” Nalimwelewa. Basi Dominika iliyofuata, baada ya ibada, nalilisema tena mbele ya watu wote, na kila mtu akaiona ile chaja. Ilikuwa vigumu, wala sitasema kwamba nalikwenda kwa furaha.

Neno la mikorosho bado halijakwisha, lakini sasa hao wawili huketi wakalizungumza, jambo ambalo kwa miaka mitatu halikuwezekana. Taarifa ya binti ilifika chuoni siku moja kabla ya mwisho. Nami nimefunga kitambaa chekundu katika chaja ya kipaza sauti. Kila Dominika nikiiona, naikumbuka mashua ya mzee yule, na petroli yake ambayo hakuidai.

Nawaombea amani nyumbani mwenu. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi vyeti na hati za nyumba zisiliwe na mchwa.

Ni mimi mwalimu wenu katika Bwana.