Mazungumzo ya Nyumbani: Muziki wa Rege

Mwalimu mmoja wa upande wa Kasulu ametuletea swali, nasi twalijibu hapa kwa kuwa twajua si yeye peke yake aliye nalo. Asema kijana wake hufungulia rege katika simu jioni nzima, naye alikuwa karibu kumkataza. Lakini siku moja, akiwa uani, alisikia maneno ya Zaburi ya 137 yakiimbwa kwa mlio ule ule. Akasimama kusikiliza. Sasa auliza: muziki huu ni kitu gani, na je, amnyang'anye mtoto simu?

Rege ilizaliwa Jamaica, kisiwa ambacho wengi wa watu wake ni wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Kwanza palikuwa na ska, muziki wa mbio. Karibu na mwaka 1966 ikafuata rocksteady, yenye mwendo wa pole. Na mwaka 1968 kundi la The Maytals likatoa wimbo uliolitaja jina la rege. Dalili yake ni hii. Ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, gitaa hugonga penye mbili na penye nne; ngoma mara nyingi huiacha moja ipite kimya, ikaja kuanguka penye tatu; na besi ndiyo inayoubeba wimbo. Wanakwaya wetu wakijaribu kuifuata kwa makofi hukosea. Tuliwacheka, kisha tukajaribu wenyewe, tukakosea vibaya zaidi.

Liko jambo ambalo wengi hawalijui, nalo lahusu nchi hizi za maziwa makuu. Wafuasi wa Rastafari huko Jamaica hupiga ngoma tatu katika ibada zao, ziitwazo ngoma za Nyabinghi, na mapigo yake yameingia katika rege. Jina hilo si la Jamaica. Nyabingi, yaani mwenye vingi, ni jina la pepo aliyeheshimiwa zamani mpakani mwa Rwanda na Uganda, na baadhi ya waliosema kwa jina lake waliupinga utawala wa Wazungu. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Muhumuza, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911. Kisha mwaka 1935, Italia ilipoivamia Uhabeshi, gazeti moja la Jamaica likachapa hadithi kwamba Mfalme Haile Selassie ni mkuu wa chama cha siri kiitwacho Nyabinghi. Ilikuwa uzushi wa kuwatia Wazungu hofu, lakini maskini wa Kingston waliusoma kwa furaha. Basi jina la jirani zetu lilivuka bahari ndani ya gazeti la uongo, likarudi kwetu ndani ya kanda za muziki!

Hapa hatuna budi kusema wazi. Wengi wa Rastafari humhesabu Haile Selassie, aliyetawazwa tarehe 2 Novemba 1930, kuwa Mungu. Hilo sisi hatulikubali, na mfalme mwenyewe alikuwa Mkristo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia. Bob Marley naye alibatizwa katika kanisa hilo tarehe 4 Novemba 1980, akafa tarehe 11 Mei 1981, akazikwa kwa ibada yake. Na habari ya bhangi, sheria ya nchi ya mwaka 2015 yaikataza. Mzazi asione haya kumwambia mtoto hivyo.

Lakini mbona vijana wetu waipenda, hata wasiojua Kiingereza? Twadhani ni kwa sababu rege husema habari ya aliyeonewa. Lucky Dube wa Afrika Kusini alitoa nyimbo zake za kwanza za rege mwaka 1984, na serikali ya ubaguzi ikazipiga marufuku. Wanyang'anyi walimwua Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007, na sauti yake bado yasikika katika mabasi ya Kibondo. Marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba, aliyefariki mwaka 2003, aliiimba rege kwa Kiswahili, hata bibi wa shambani akaielewa.

Kwa Rastafari, Babeli ni jina la kila utawala unaoonea watu. Sisi tuliozaliwa na kukaa penye makaburi ya babu zetu twaweza kulisoma jina hilo upesi upesi tu. Sivyo kwa wengine. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipokimbia. Mtu aliyeacha migomba yake Ruyigi ikiwa na mikungu, akapanga foleni ya unga ugenini, hahitaji mwalimu wa kumweleza kilio cha kando ya mito ya Babeli.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Wimbo alioutaja ulirekodiwa kwanza na kundi la The Melodians wa Jamaica mwaka 1970. Asimnyang'anye kijana simu. Aketi naye jioni, afungue Zaburi ya 137, waufuate wimbo pamoja tangu mwanzo. Wataona kwamba Zaburi yamalizika kwa kisasi kikali, hata juu ya watoto wachanga wa adui; watunzi wa wimbo waliyaacha maneno hayo, wakatia mahali pake ombi la mwisho la Zaburi ya 19. Amwulize kijana: kwa nini waliyaacha? Je, walifanya vema kuondoa ghadhabu ya watu waliofukuzwa makwao, au walitudhulumu sisi wasomaji? Katika wilaya zetu, ambamo watoto wa pande zilizopigana wamekaa dawati moja, hilo si swali la muziki tu. Sisi wenyewe tulibishana nalo ofisini siku mbili, tukaachana bila kupatana.

Mwalimu atuandikie kijana alijibu nini, nasi tutachapa jibu lake.