Mpima udongo naye apimwe

Mkulima wa Gorong'a anapopakia mahindi kwenye fuso kwenda Tarime mjini, haulizi nani alipima udongo wa barabara. Lakini gharama ni yake. Tabaka lisiloshindiliwa sawasawa hutitia masika yakianza. Wenye magari hupandisha nauli, na mnunuzi huikata kwenye bei ya gunia.

Lawama zote huenda kwa mkandarasi. Fundi wa maabara husahauliwa. Sampuli ya changarawe hulowekwa siku 4 kabla ya kupimwa uwezo wake wa kubeba mzigo; vipande vya zege huvunjwa siku ya 7 na ya 28. Akizifupisha siku hizo, karatasi itasomeka vizuri na barabara itaharibika vilevile. Na tabaka la juu likishamwagwa, kosa la chini halionekani mpaka pafukuliwe.

Mwongozo upo: Wizara ya Ujenzi ilitoa wa upimaji wa maabara mwaka 2000. Mafundi sanifu wenye stashahada nao wapo, wa Chuo cha Ufundi Arusha na wa DIT. Ila stashahada ya ujenzi peke yake haithibitishi mkono wa mpimaji. Majimbo mengi ya Marekani humfanyisha mtihani wa vitendo, kisha huurudia kila baada ya miaka michache. Mikataba ya barabara za wilaya nayo idai hivyo, na jina la mpimaji liandikwe kwenye kila fomu.

Mkandarasi akifika Tarime, vijana waliomaliza kidato cha nne asiwaajiri kubeba viroba vya mchanga tu. Awaweke maabara chini ya fundi sanifu, halafu wapewe mtihani.